Mume wa Mzungu Naye Huomba Viza

(Mazungumzo haya yalitolewa ukumbini, baada ya chakula cha mchana, katika mkutano wetu wa mwaka, mbele ya wanachama na wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita. Tumeyachapa kama yalivyosemwa, ila vicheko tumeviacha.)



Katibu aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya kilimo cha umwagiliaji, kazi niliyoifanya kwa miaka thelathini na sita. Nilimjibu kwamba habari za mifereji nimekwisha kuwachosha nazo mara mbili katika ukumbi huu huu, na kwamba safari hii nataka kuzungumza juu ya karatasi. Tena karatasi moja tu, yaani fomu ya kuombea viza ya kwenda Ulaya kwa siku chache. Wengine mmeshaanza kucheka. Katika kundi letu lililomaliza 1979 mimi ndiye niitwaye "Mkwe wa Ulaya", na mnadhani kwamba mtu aliyeoa Mzungu huufungua mlango wa Ulaya kama anavyoufungua mlango wa jikoni kwake. Sivyo. Na kila mwaka tukutanapo hapa watu wawili watatu hunivuta kando chini ya mwembe; huyu binti yake kaolewa na Mreno, yule kijana wake kaoa Mswidi, na wote huuliza neno lile lile. Nimeona afadhali nilijibu mara moja mbele ya watu wote.

Mnaomfahamu shemeji yenu mnajua kwamba yeye ni Mjerumani, mzaliwa wa Aachen, mji ulio pembeni kabisa mwa nchi yao upande wa magharibi, pale Ujerumani inapokutana na Uholanzi na Ubelgiji. Alikuja huku 1986 kufanya kazi ya uuguzi katika hospitali ya misheni, kwa mkataba wa miaka miwili. Miaka miwili hiyo haijaisha mpaka leo. Mwaka 1989 tulifunga ndoa ya bomani, mashahidi wawili na kreti nne za soda, basi. Mama yake hakuweza kuja siku ile, lakini alikuja 1994, na akaja tena 2003 akakaa nasi miezi mitatu. Alikuwa mama wa kazi. Alitaka kusonga ugali mwenyewe, na siku ya kwanza aliusonga kwa mikono miwili kama mtu anayepiga kasia. Mwiko ule akausema kuwa ni wake. Tulipomsindikiza uwanjani alinikabidhi mwiko, akaniambia kwa Kijerumani kile chepesi alichokuwa akinisemesha: "Sasa ni zamu yako. Utaniletea ukija." Nikamjibu kwamba nitakuja. Ndugu zangu, mtu mzima akishamwambia mama mkwe wake "nitakuja", hilo ni deni.

Nilikaa na deni hilo miaka kumi na mitatu. Kwanza hapakuwa na nauli ya watu wawili, kisha watoto walikuwa shuleni, kisha mradi haukuwa na mtu wa kuuangalia. Mwezi wa Februari 2016 ikaja habari kwamba mama ameanguka, amelazwa, na hali si nzuri. Mke wangu aliondoka wiki ile ile, kwa kuwa yeye na pasi yake haombi ruhusa ya mtu kwenda kwao. Mimi nikabaki nyuma nipate viza nimfuate.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga, na naueleza bila kuficha kwa ajili ya hawa vijana. Badala ya kuisoma fomu, nilikwenda kwa kijana mmoja mwenye ofisi ya chumba kimoja, aliyejiita mtaalamu wa viza. Akaniambia kwamba balozi zote hutaka fedha. Nikakopa kwa marafiki, na kwa juma moja akaunti yangu ya mtumishi wa serikali ikavimba kama mguu wa mgonjwa wa matende. Akaniambia niandike kwamba nakwenda kutalii na kwamba nitalala hotelini; karatasi ya hoteli akaitengeneza yeye, sijui wapi. Akaniambia, tena kwa sauti ya mtu anayejua, "Mzee, mke wako usimtaje sana, watadhani unahamia." Kwa mashauri hayo nilimlipa shilingi laki tatu na nusu, mbali na ada ya viza yenyewe.

Nikafika mbele ya kioo. Mama aliyekuwa upande wa pili alizitazama karatasi, akauliza kwa upole: "Mke wako yuko wapi sasa?" Nikasema yuko Aachen, kwa mama yake mgonjwa. Akauliza: "Basi mbona wewe unakwenda kulala hotelini katika mji mwingine?" Nimewahi kusimama mbele ya mawaziri nikaeleza kwa nini maji hayakufika shambani, lakini swali lile lilinishinda. Siku chache baadaye nikapewa fomu ya kukataliwa. Ni karatasi ya namna moja kwa nchi zote zile, ina orodha ya sababu na visanduku vya kutiwa alama. Kwangu vilitiwa alama viwili: kwamba kusudi la safari halikuthibitishwa, na kwamba maelezo yangu hayaaminiki. Sina lawama hata chembe. Ningekuwa mimi ndiye niliyekaa upande ule wa kioo, mtu yule ningemnyima vile vile.

Nilikuwa na haki ya kukata rufani, na karatasi yenyewe ilisema hivyo. Lakini mama alifariki siku ya tisa. Maziko niliyaona katika simu ya mwanangu, nimeiegemeza kwenye birika la chai, na jeneza lilipokuwa likishushwa picha ikaganda. Shemeji yenu aliporudi hakunilaumu. Siku nyingi zilipita ndipo aliposema, tukiwa tunachambua mchele: "Mama alikuwa akiuliza umefika wapi. Nilimwambia uko njiani."

Mwaka 2018 tulikuwa hapa hapa, katika mkutano kama huu. Wa rika langu mtamkumbuka mwenzetu aliyelala kitanda cha juu yangu Kidato cha Tano, yule aliyekuwa akisoma kwa tochi mpaka bwana wa bweni anamfukuza, na ambaye baadaye akawa mwanasheria. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa hakupenda kusifiwa, naye alitutoka mwaka 2021. Nilimsimulia mambo yangu chini ya mwembe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikulielewa: "Shemeji ana ndugu yeyote katika nchi nyingine ya Ulaya, isiyokuwa yake?" Nikamwambia kwamba dada yake mkubwa ameolewa Uholanzi, katika kijiji kiitwacho Vaals, ambacho kimegusana na Aachen kama nyumba mbili za ua mmoja. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Bwana," akasema, "wewe ulibisha mlango mgumu, na mlango mwepesi uko ng'ambo ya barabara."

Nitajaribu kuwaeleza kama alivyonieleza yeye. Nchi za Ulaya zinazotoa viza moja kwa pamoja huitwa nchi za Schengen. Schengen ni kijiji cha Luxembourg kando ya mto Moselle, na mapatano ya kuondoa vizuizi mipakani yalitiwa saini hapo, ndani ya meli, tarehe 14 Juni 1985, mwaka ule ule Mwalimu aliong'atuka. Nchi zilikuwa tano. Leo ni 29. Mgeni kama mimi akiomba viza ya muda mfupi, yaani isiyozidi siku 90 katika kila siku 180, hutakiwa mambo mengi: kazi, fedha, mahali pa kulala, bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, na dalili kwamba atarudi kwao. Hiyo ndiyo kanuni ya kila mtu, na balozi anayo nafasi kubwa ya kusema hapana.

Lakini iko kanuni ya pili, nayo haihusu mgeni bali inamhusu raia wa Umoja wa Ulaya. Raia huyo ana haki ya kwenda na kukaa katika nchi yoyote ya Umoja huo. Waliotunga sheria walijiuliza: ikiwa Mjerumani ana haki ya kwenda Uholanzi, lakini mumewe ananyimwa kuingia, haki hiyo ina faida gani? Ndipo likatoka Agizo namba 38 la mwaka 2004, linalosema kwamba mume au mke wa raia huyo, akifuatana naye au akimfuata katika nchi nyingine ya Umoja, atapewa viza bure, kwa haraka, na kwa kurahisishiwa. Haulizwi ana fedha kiasi gani. Hatakiwi bima wala barua ya mwajiri. Anatakiwa aonyeshe pasi yake, uraia wa mwenzi wake, hati ya ndoa, na kwamba wanasafiri pamoja au anamfuata. Kumkataa kwahitaji sababu nzito, kama vile usalama wa nchi au afya ya watu, au kwamba ndoa ni ya udanganyifu; na sababu hiyo lazima iandikwe.

Sasa sikilizeni kichekesho chake. Agizo hilo ni kwa ajili ya raia aliye nje ya nchi yake. Mjerumani akimpeleka mumewe Uholanzi, au Ureno, au Ugiriki, Agizo linamfuata. Akimpeleka Ujerumani kwao, kutoka Tanzania, halipo; hapo ni kanuni ile ya kila mtu. Kwa maneno mengine mke wangu ana nguvu zaidi ya kunikaribisha kwa jirani kuliko kwao. Mwenzetu alipolisema hilo nilikaa kimya, nikawaza kwamba lau mama angelazwa kilometa chache tu upande wa pili, ningemwona.

Hata hivyo alinikataza kitu kimoja, nami nawakataza. Msifanye mchezo. Ombi hupelekwa kwa nchi ile ambayo ndiyo hasa mnayokwenda. Ukiandika Uholanzi ukalala siku zote Ujerumani, hapo umerudi kwa yule mtaalamu wa chumba kimoja. Sisi tulikwenda kukaa kwa shemeji yangu Vaals, na tulilala kwake siku zote kumi na moja.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya hati. Cheti chetu cha ndoa cha 1989 kiliandikwa kwa mkono mzuri sana na karani wa boma, lakini kina majina yangu mawili, na pasi ina matatu. Mimi ni yule yule, ila karatasi haijui hivyo. Ilinipasa kula kiapo mahakamani kwamba mwenye majina mawili na mwenye majina matatu ni mtu mmoja, kisha nikapata nakala ya cheti kutoka kwa msajili wa serikali, ikagongwa muhuri Wizara ya Mambo ya Nje, ikatafsiriwa kwa Kiingereza. Hilo peke yake lilinila wiki saba. Nawaomba mliofunga ndoa misikitini na makanisani mkatazame kama ndoa zenu zimesajiliwa serikalini, na kama majina yaliyoandikwa ndiyo yaliyomo katika pasi. Msingoje mtu augue.

Ndipo nikaifungua tena fomu ile ile niliyoijaza 2016. Ni ile ile kabisa. Safari hii nikaisoma kutoka juu mpaka chini, nikaona kitu ambacho zamani nilikipita: visehemu vingine vina alama ya nyota ndogo. Kazi yako ni nini: nyota. Mwajiri wako nani: nyota. Nani anakualika, nani atalipa: nyota. Na kwa herufi ndogo imeandikwa kwamba penye nyota hapajazwi na mume, mke au mtoto wa raia wa Umoja wa Ulaya anayetumia haki yake ya kusafiri. Mara ya kwanza nyota hizo zisingenifaa, kwa kuwa nilikuwa nikienda nchi ya mke wangu mwenyewe. Lakini hata zingenifaa nisingejua, maana nilimwachia mtu mwingine kalamu. Safari hii niliziacha tupu. Mkono ulitetemeka, nasema kweli. Mtu aliyefundishwa katika shule hii kujibu maswali yote hawezi kuacha nafasi tupu bila kuona kwamba atachapwa.

Tulikwenda wote wawili, mke wangu ameshika pasi yake na mimi yangu, na barua yake ya mistari sita: huyu ni mume wangu, tunakwenda pamoja kwa dada yangu, kuanzia tarehe hii hadi tarehe hii. Alama za vidole zikachukuliwa. Niliulizwa kama nimewahi kukataliwa viza. Nikajibu kwamba ndiyo, na kwamba nilisema uongo, na kwamba najuta. Shemeji yenu alinikanyaga mguu chini ya meza, lakini nilikuwa nimeamua. Yule bwana akasema kukataliwa mara moja si kukataliwa milele. Siku ya nane pasi ikarudi ikiwa na viza, na sikulipa hata senti.

Tuliteremka Amsterdam, tukashika treni mpaka Maastricht, kutoka hapo basi mpaka Vaals. Penye kijiji hicho pana mlima wenye mita 322, na wenyeji wanajivuna kwamba katika Uholanzi yote ya Ulaya hakuna ulio mrefu zaidi. Mimi mtu wa Kilimanjaro niliwapongeza kwa adabu. Juu yake liko jiwe la mpaka wa nchi tatu, na unaweza kulizunguka kwa hatua chache ukawa umezitembelea zote.

Siku ya pili tulikwenda makaburini kwa miguu. Njiani nilikuwa nimeshika pasi mkononi, na ile hati ya kiapo mfukoni, nikingojea kizuizi. Tukapita maduka, tukapita kituo cha basi. Baadaye kidogo nikauliza mpaka uko wapi. Shemeji yangu akageuka, akanionyesha nyuma. "Tumeuvuka zamani," akasema. Hapakuwa na kamba wala askari, wala mtu aliyeinua kichwa kunitazama. Nilisimama pale barabarani nikageuka nikatazama nilikotoka, wakaniacha nisimame.

Kaburi la mama lina maua mekundu na jiwe dogo. Nilitoa mwiko katika mfuko, nikamwambia kwa Kijerumani changu kibovu kwamba nimeuleta, na kwamba nimechelewa. Shemeji yangu alisema tusiuache nje utaoza kwa mvua. Sasa uko jikoni kwake Vaals, umetundikwa ukutani, na naambiwa kwamba hutumika.

Ndugu Mwenyekiti naona unatazama saa. Yamebaki machache. Uingereza ilitoka katika Umoja wa Ulaya 31 Januari 2020, na muda wa mpito ukaisha mwishoni mwa mwaka ule. Basi aliyeoa Mwingereza hana tena njia hii. Aliyeolewa na Mwairishi anayo, ingawa Ireland haimo katika Schengen, kwa sababu imo katika Umoja. Kwa anayeomba kwa kanuni ya kila mtu, ada ni yuro 90 tangu 11 Juni 2024, na ombi lipelekwe si chini ya siku 15 wala si zaidi ya miezi sita kabla ya safari. Kuanzia 12 Oktoba 2025 wameanza kuandikisha wageni mipakani kwa picha ya uso na alama za vidole badala ya kugonga mihuri, basi msiseme mtakaa siku mbili tatu za ziada hakuna atakayejua. Na uwanja wa ndege mkifika, hati ya ndoa iwe mkononi, si ndani ya sanduku. Viza hii ni ya kutembea tu; anayetaka kuhamia ana sheria nyingine, na hiyo siijui vizuri kiasi cha kuwasimamia hapa.

Nimeleta nakala ishirini za fomu tupu, na zile nyota nimezizungushia wino mwekundu. Nimemkabidhi Katibu. Vijana mnaweza kuzitazama, lakini mzirudishe, kwa kuwa kuna mzee mmoja hapa mbele, ambaye binti yake ameolewa na Mreno, aliyeniomba mbili.